Kilomita 600 hadi Mbamba Bay

Agosti 13, 1914, nahodha Mwingereza aliyeitwa Rhoades aliingiza meli yake, Guendolen, katika ghuba ya Liuli, ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lililowakumbusha ile sanamu maarufu ya Misri. Meli yao ya kivita ziwani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Rhoades akaipiga mzinga kutoka umbali wa karibu kilomita mbili. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, ambaye kabla ya siku hiyo alizoea kunywa pombe pamoja na Rhoades, akapanda mtumbwi kwa hasira kwenda kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani kwa siku tisa. Akachukuliwa mateka.

Kisa hicho husimuliwa kwa kucheka. Ukikisoma ukiwa na ufuko ule akilini, kinachekesha kidogo tu. Ujerumani ilikuwa na silaha Nyasa, lakini siku ilipohitajika ilikuwa nchi kavu ikisubiri mafundi, na mwenye dhamana nayo hakuwa na habari. Kwa karatasi, pande zote mbili zilikuwa na meli. Ziwani ilikuwapo moja.

Leo serikali za Afrika Mashariki zinalinganisha ndege za kivita: Su-30 ya Urusi, F-16 ya Marekani, Gripen ya Sweden, JF-17 ya China na Pakistan. Vijana nao wanalinganisha, vijiweni na kwenye simu: ipi ina kasi, ipi inabeba makombora mengi, Uganda wanayo, sisi je? Ni mjadala mtamu, na si wa kupuuzwa. Lakini historia ya Tanzania, hasa ukiitazama kutoka ufuko wa Ruvuma, inaleta mezani maswali mengine: ndege inafika wapi, nani anaitengeneza, na nani ana uwezo wa kuizuia isiruke.

Tuanze na ramani. Ufuko huu unateremka kutoka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, kisha Chiwindi mpakani mwa Msumbiji. Kwa miaka mingi wote ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, kabla ya Wilaya ya Nyasa kumegwa. Nyuma yake ni milima ya Umatengo yenye kahawa na mashimo ya ngoro. Mbele yake, kiasi cha kilomita 60 kuvuka maji, ni Nkhata Bay ya Malawi. Kituo kikuu cha ndege za kivita za Tanzania kiko Ngerengere, mkoani Morogoro. Ukichora mstari ulionyooka kutoka Ngerengere hadi Mbamba Bay unapata zaidi ya kilomita 600. Kutoka Mwanza ni mbali zaidi. Namba hiyo tutairudia.

Tanzania haikuanza kujenga jeshi la anga kwa kulinganisha ndege. Ilianza kwa fedheha. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, na serikali changa ikalazimika kuwaomba Waingereza waje kuwanyang'anya silaha. Makomandoo wao waliletwa kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Nyerere alijua kwamba jeshi jipya likitegemea mfadhili mmoja, mfadhili huyo atakuwa na ufunguo wa nyumba. Akagawa kazi. Tawi la anga lilikabidhiwa Ujerumani Magharibi, iliyoleta wakufunzi na ndege ndogo za mafunzo.

Mpango huo haukufika mbali. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki kabla ya Muungano, na baada ya Muungano Dar es Salaam ikakubali ubalozi mdogo wa Wajerumani wa Mashariki. Bonn ilikuwa na sera ya kutovumilia jambo hilo popote duniani. Februari 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa anga. Nyerere akajibu kwamba kama msaada mmoja unatumika kama fimbo, na mwingine uondolewe pia. Tanzania ikabaki na utu wake, bila walimu wa urubani.

Waliofuata ni Wakanada. Kuanzia 1965 hadi 1970 walifundisha marubani na mafundi, wakaleta ndege za Otter na Caribou. Hizi zilikuwa za mizigo na abiria, zenye uwezo wa kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo. Kwa nchi yenye wilaya kama Mbinga, ambazo masika yalizikata na dunia, ilikuwa chaguo lenye akili kuliko linavyoonekana kwenye orodha za nguvu za kijeshi. Lakini Caribou haizuii ndege ya adui, na katika miaka hiyohiyo adui alikuwa jirani kabisa.

Msumbiji ilikuwa vitani. FRELIMO ilianza mapambano ya silaha Septemba 1964, ikipigana Cabo Delgado na Niassa, na wakimbizi wakavuka Ruvuma na kupanda na ufuko wa ziwa kuja upande wetu. Wareno walikuwa na kituo cha wanamaji Metangula, ufuko uleule, na uwanja wa ndege Vila Cabral, ambayo leo ni Lichinga. Vila Cabral ilikuwa umbali wa kilomita 200 na ushei kutoka Mbamba Bay. Kwa hesabu ya hewani, basi, watu wa Mbamba Bay walikuwa karibu zaidi na marubani wa Lisbon kuliko na wa kwao.

Ndege za Ureno zina historia yake, nayo ni funzo zuri kwa mtu anayefikiri kwamba silaha ikishalipiwa ni mali ya mnunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ureno ilipeleka ndege za F-86 Sabre kupigana Guinea. Marekani, iliyokuwa imezitoa kwa ajili ya ulinzi wa NATO, ikabana hadi zikarudishwa Ulaya mwaka 1964. Ureno ikatafuta kwingine, ikapata Fiat G.91. Ndege hizo zilitengenezwa kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki, mpango wa nchi hizo ukafutwa, zikaishia katika jeshi la anga la Ujerumani Magharibi. Mwaka 1966 Ujerumani ikaiuzia Ureno 40, kwa sharti kwamba zitumike kwa ulinzi ndani ya malengo ya NATO. Lisbon ikasema Msumbiji ni Ureno, kwa hiyo kulinda Msumbiji ni kulinda Ureno. Kuanzia mwishoni mwa 1968 Fiat hizo zilikuwa Nacala, kisha Tete pia.

Ziweke tarehe pamoja. 1965, Bonn inaondoka Dar es Salaam kwa sababu ya bendera ya ubalozi mdogo. 1966, Bonn inaiuzia Lisbon ndege zitakazopiga mabomu ng'ambo ya Ruvuma. Sidai kwamba kulikuwa na njama. Kila uamuzi ulikuwa na ofisi yake na hoja zake. Lakini mkulima wa kusini aliyesikia mngurumo angani hakuwa na haja ya njama ili aelewe matokeo.

Tanzania ilijilinda kwa kilichokuwapo, yaani mizinga ya ardhini. Aprili 1972, ndege za Ureno ziliposhambulia upande wa Mtwara, Tanzania ilitangaza kuitungua moja. Hapo ndipo uchaguzi mwingine ulipokuwa tayari unaiva. Wachina, waliokuwa wakijenga reli ya TAZARA, walichukua mafunzo ya anga, wakaleta ndege zao za kivita na kusaidia kujenga Ngerengere. Ndege zenyewe zilikuwa nakala za kazi ya Kirusi: F-5 ya Kichina ilitokana na MiG-17, F-6 ilitokana na MiG-19. Hazikuwa bora kuliko zote. Zilikuja kwa masharti nafuu na walimu, na hakuna aliyesema zisipelekwe kusini. Kwa nchi iliyokuwa imeachwa mataani na Bonn, sifa hiyo ya mwisho ilikuwa na thamani kuliko kasi. Baadaye zikaongezeka MiG-21 kutoka Moscow kwenyewe, wakati Moscow na Beijing hazisalimiani. Dar es Salaam ilinunua kwa wote wawili.

Ziliruka vitani, lakini upande mwingine kabisa wa nchi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na ndege zake zikaipiga Bukoba. Uganda nayo ilikuwa na MiG-21 kutoka kwa muuzaji yuleyule. Mashabiki wa kulinganisha ndege wangetoa sare. Uwanjani haikuwa sare, wala haikuwa kwa sababu ya ndege. Makombora ya begani ya askari wa miguu yaliwafanya marubani wa Amin waogope kushuka chini. Kwa upande wetu, ndege tatu za Tanzania zilitunguliwa na mizinga ya Tanzania yenyewe karibu na Musoma, kwa kudhaniwa ni za adui. Miaka 64 baada ya Berndt, taarifa bado ilikuwa nzito kufika. Machi 1979 Libya ikatuma ndege kubwa ya Tu-22 kuipiga Mwanza, nayo ikakosa mji na kuua swala katika hifadhi ya Saa Nane. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zikajibu kwa kupiga malengo ndani ya Uganda.

Vita vilishindwa na watu waliotembea kwa miguu. Ndege zilisaidia, na nchi isiyokuwa nazo ingeumia zaidi. Hilo lisemwe bila kuficha. Kisha ikaja bili. Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikarefuka kuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Ndege ya kivita ni mnyama anayekula hata asipofanya kazi: mipira ya matairi na ya mifumo ya mafuta huzeeka ikiwa imeegeshwa, injini ina saa zake za kuishi, rubani asiporuka anasahau. Nchi iliyokosa fedha za kigeni kwa ajili ya vipuri vya malori ya pamba isingeweza kuzilisha inavyotakiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Tanzania ilinunua tena, na ikarudi kwa muuzaji inayemjua. Ilichukua F-7 mpya, mjukuu wa MiG-21 aliyelelewa China. Wakati huohuo mgogoro wa Ziwa Nyasa ukaamka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 uliweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki, na Malawi inaushikilia. Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji, na ililiandikia hilo Malawi rasmi mwaka 1967. Kamuzu Banda alikataa, na mwaka uliofuata akadai hata nchi kavu ndani ya Tanzania. Kwa mujibu wa madai ya Malawi, mvuvi wa Liuli anayesukuma mtumbwi alfajiri yuko nje ya nchi yake kabla nyayo zake hazijakauka.

Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani kwa kampuni ya Surestream. Agosti 2012 Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, alilalamika bungeni kuhusu ndege za utafiti kuingia anga ya Tanzania, akataka shughuli zisimame. Edward Lowassa, mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya ulinzi na mambo ya nje, akasema jeshi liko tayari ikilazimu. Vijiweni hesabu ilifanyika upesi: sisi tuna ndege za kivita, Malawi haina hata moja.

Sasa turudie namba yetu. Ndege ya ukoo wa MiG-21, hata ikibeba matangi ya ziada, inaweza kwenda, kupigana dakika chache na kurudi kama umbali wa kwenda hauzidi kilomita 400 hadi 600 hivi, kutegemea mzigo na kimo inachoruka. Ngerengere hadi Mbamba Bay ni zaidi ya 600. Ikifika, imefika ikiwa na mafuta ya kurudi tu, au hata hayo hayatoshi. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa itachukua zaidi ya dakika 40 njiani. Kisha ziwa lenyewe, upana wa kilomita 60, italivuka kwa dakika nne. Dakika mbili kuufikia mpaka wa katikati, dakika mbili nyingine kuwa juu ya nyumba za Nkhata Bay. Rubani akichelewa kugeuza kwa nusu dakika, mawaziri wawili watakuwa na kazi ya mwezi mzima. Na chini yake kuna nini? Mitumbwi ya dagaa, na ndugu wenye kaburi la babu upande mmoja na shangazi upande wa pili.

Mtu atasema: basi tununue inayofika mbali. Jirani alifanya hivyo. Uganda ilinunua Su-30 sita kutoka Urusi, ndege ya injini mbili inayoweza kwenda kilomita 3,000 bila kujaza mafuta, na pamoja na vifaa vingine bili ilitajwa kuwa kama dola milioni 740. Fedha zilichotwa Benki Kuu kabla Bunge halijaidhinisha, na kelele zake zikafika mbali. Pima kwa kipimo cha Mbinga: katika muongo huo kahawa yote iliyouzwa nje na Tanzania nzima ilileta kwa kawaida kati ya dola milioni 100 na 200 kwa mwaka. Ndege sita na vifaa vyake ni karibu miaka minne ya kahawa yote ya nchi, au zaidi, kabla ya kulipa lita ya kwanza ya mafuta. Na tangu vita vya Ukraine vianze 2022, kila mwenye ndege ya Kirusi anapanga foleni ya vipuri nyuma ya Urusi yenyewe.

Gripen inavutia kwa namna nyingine. Wasweden waliibuni iruke kutoka barabarani ikihudumiwa na mafundi wachache, na kwa ufuko usio na kituo cha karibu hilo ni jambo kubwa. Lakini injini yake ina asili ya Marekani, kwa hiyo Washington ina kauli juu ya nani auziwe. Tena Afrika Kusini, yenye uchumi mkubwa kuliko wetu mara nyingi, ilinunua 26, na kuanzia 2021 zilikaa chini kwa takriban mwaka mzima kwa kukosa mkataba wa matengenezo. JF-17 ni nafuu, na Nigeria imechukua tatu, ila injini yake inatoka Urusi. Misri ilinunua Rafale 24 kutoka Ufaransa, kisha kombora moja ililolitaka likakwama kwa sababu lilikuwa na sehemu za Kimarekani. Kenya imekaa na F-5 za Marekani tangu miaka ya 1970, ikaongeza zilizotumika kutoka Jordan. Si za kisasa, lakini mafundi wake wanazijua, na 2011 ziliruka Somalia.

Katika orodha hiyo hakuna ndege isiyokuwa na kamba mguuni. Tofauti ni nani ameshika ncha ya kamba, na kama umemsoma tabia kabla ya kulipa. Kwa kipimo hicho uamuzi wa Tanzania wa miaka ya 1970, na tena wa 2010, haukuwa wa kijinga kama wanavyoudhihaki wapenzi wa ndege za kisasa. Kosa lingekuwa kuamini kwamba ndege zile zililinda kila mpaka. Ufuko wa Nyasa ulikuwa nje ya duara lao tangu mwanzo.

Uliokolewa na mambo mengine. Mgogoro wa 2012 ulipelekwa kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano, mtu wa FRELIMO ambaye aliijua Tanzania tangu enzi za mapambano. Hawakuumaliza, lakini waliupunguzia joto. Na mwaka 2013, kabla vumbi halijatulia, Umoja wa Mataifa uliunda brigedi ya mapigano mashariki mwa Kongo. Ilikuwa na askari wa nchi tatu: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Kamanda alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Vijana waliotarajiwa na vijiwe kupigana ziwani walijikuta upande mmoja Kivu dhidi ya M23. Angani walisaidiwa na helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini, ambazo huenda polepole na karibu na ardhi.

Swali halijaisha, kwa sababu China ilifunga utengenezaji wa ukoo wa F-7 mwaka 2013. Ndege zetu ni za mwisho mwisho katika nasaba yao, na vipuri havitapatikana milele. Katika maisha ya wanaosoma makala hii, Tanzania itachagua tena. Huenda ikachagua ndege nyingine za kivita, zenye duara kubwa zaidi na bili kubwa zaidi. Huenda ikachagua rada nzuri, boti za doria na ndege zisizo na rubani zinazokaa angani siku nzima. Yote yana hoja. Ninachoomba ni kwamba mjadala huo usifanyike kwa kutazama picha za maonyesho ya angani peke yake.

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kiasi cha kilomita 66, ilikamilika miaka ya karibuni tu, zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Watu wa huko wana uzoefu wa muda mrefu wa kuwa mwisho wa mstari. Siku mpango wa ununuzi utakapowekwa mezani, mtu wa kwanza wa kuulizwa maoni anaweza kuwa mvuvi wa Liuli. Hatajua tofauti ya Gripen na Sukhoi. Atauliza inatoka wapi, itafika saa ngapi, na ikiharibika nani ataitengeneza. Mwenye jibu la maswali hayo matatu ndiye apewe nafasi ya kuzungumzia kasi.